Radiumu ya Shinkolobwe ku mukono: kusoma saa ya zamani na beyi yake



Taja Shinkolobwe mbele ya mutu yeyote aliyesoma Katanga, atakujibu mara moja: bomu, Wamarekani, Hiroshima. Njo vile tulifundishwa, na si uongo. Lakini mbele ya bomu, kwa muda wa karibu miaka 20, jiwe la Shinkolobwe lilikuwa na kazi ingine: kuleta mwangaza ku saa. Zile namba na mishale zilizong'aa kijani usiku ku mukono wa muaskari ao wa dereva wa treni zilipakwa rangi yenye radiumu. Na katika miaka ya 1920 sehemu kubwa ya radiumu ya dunia ilitoka kwetu, pale karibu na Likasi.

Ninaandika ju vijana wengi wa promosyo zetu wameanza kupenda saa za zamani. Wengine wanazitafuta kwa intaneti, wengine wanazipata sokoni, wengine wanataka kuuza ile ya nkambo. Swali linarudia kila siku: ni orijinali? Na falanga ngapi ni haki? Mimi ni mutu wa udongo na mbegu, si fundi wa saa. Lakini nimesoma hii mambo kwa muda, na ninaona kwamba sehemu kubwa ya jibu imeandikwa ku ile rangi. Ili kuisoma, lazima kujua imetoka wapi na iliachwa lini.

Radiumu iligunduliwa Paris mwaka 1898 na Marie Curie na mume wake Pierre, ndani ya mawe yaliyotoka Joachimsthal, inchi ya Bohemia. Nyuma ya miaka kidogo watu waliona kwamba ukichanganya chembe ndogo ya radiumu na unga wa zinki na salfa, ule unga unawaka wenyewe mu giza, usiku wote, bila kuupa taa mbele. Kisha ikaja vita ya 1914–1918. Saa ya mukono, ambayo wanaume wengi walikuwa wanaiona kama pambo la wanawake, ikawa chombo cha muaskari. Muaskari mu handaki hawezi kuwasha kiberiti ili asome saa, adui atamuona. Rangi ya radiumu ikapata soko.

Shida ilikuwa beyi. Gramu moja ya radiumu inakaa ndani ya kiasi cha tani 3 za uraniumu, na mawe ya Colorado na Utah, kule Marekani, yalikuwa maskini: ilihitaji mamia ya tani za mawe kwa gramu moja. Mwaka 1921 wanawake wa Marekani walichanga falanga ili wamupe Marie Curie zawadi ya gramu moja. Iligharimu dola 100,000, na rais Harding mwenyewe akamukabizi. Gramu moja, ndugu zangu. Chini ya uzito wa kipande cha sukari.

Sasa tuje kwetu. Robert Sharp, Muingereza aliyekuwa anatafuta madini kwa ajili ya Union Minière du Haut-Katanga, alikuta uraniumu Shinkolobwe mwaka 1915. Uchimbaji ulianza 1921. Wafanyakazi walichimba ku karyeri, wakachagua mawe kwa mikono, mawe yakasafiri kwa treni na meli mpaka Ubelgiji, kwenye kiwanda cha Olen, si mbali na Antwerpen. Mwisho wa 1922 Olen ikatoa gramu yake ya kwanza. Mawe yetu yalikuwa tajiri sana, na Wabelgiji wakashusha beyi mpaka dola 70,000 kwa gramu. Viwanda vya Marekani havikuweza kufuata. Vikafunga, kimoja nyuma ya kingine. Kwa miaka karibu 10 Ubelgiji ikashika soko la dunia karibu peke yake, mpaka Wakanada wa kampuni Eldorado walipoanza kutoa radiumu ya Great Bear Lake mu miaka ya 1930.

Hapa niseme kitu kimoja ju ya wasichana wa New Jersey, maana hadithi yao inazunguka sana. Ni kweli: walipaka ma-kadrani (kadrani ni ule uso wa saa wenye namba), wakanyoosha ncha ya burashi kwa midomo, wakameza radiumu, mifupa ya taya ikaoza. Watano kati yao walipeleka kampuni mahakamani, na mapatano yakafanyika 1928. Lakini walianza ile kazi kuanzia 1917, wakati Olen haikuwa imetoa ata chembe. Radiumu iliyowaua ilitoka kwa mawe ya Marekani. Wanaoandika kwamba «radiumu ya Kongo iliua wasichana wa New Jersey» wanachanganya miaka. Na mu hii biashara ya saa, mwaka njo kila kitu.

Kama mutu anakuonyesha saa ya Uswisi ya kati ya 1923 na 1933 yenye namba za radiumu, basi kuna nafasi kubwa kwamba rangi yake ilianzia Shinkolobwe. Kwa jicho hautatofautisha radiumu ya Katanga na ya Kanada. Ni historia ya soko inayosema.

Uswisi walipaka mpaka karibu na 1963. Ku milima ya Jura, ku miji kama La Chaux-de-Fonds na Bienne, ilikuwa pia kazi ya nyumbani: mama anapaka namba ku meza ya jikoni, watoto wako pembeni. Mwaka 1963 sheria mupya ya Uswisi ilikaza masharti ya vitu vyenye mnururisho, na viwanda vikahamia ku tritiumu, ambayo nguvu yake haipiti ata kioo cha saa. Tritiumu ikatawala mpaka mwisho wa miaka ya 1990. Kisha ikaja rangi isiyo na mnururisho hata kidogo, inayojulikana zaidi kwa jina Super-LumiNova. Ile inakula mwangaza wa taa, kisha inaurudisha mu giza.

Hizi nyakati tatu njo kalenda yako. Saa inayosemwa ni ya 1955 lazima iwe na rangi ya wakati wa kwanza. Na rangi ya radiumu iko na tabia moja inayoshangaza watu: imekufa. Si radiumu iliyokufa, ni ule unga wa zinki. Radiumu iliupiga usiku na mchana miaka 60, 70, mpaka ukachoka kabisa. Kwa hiyo kadrani ya kweli ya 1955, ukiiweka chini ya taa kisha ukazima, kwa kawaida haiwaki, ao inawaka kidogo na kuzima palepale.

Ndiyo maana nilicheka siku moja sokoni hapa Lubumbashi. Muzee mmoja alinifunika saa na viganja viwili ili nione mu giza. «Ona, mwana, vile inawaka! Hii ni saa ya 1955, ya wakati wa Wabelgiji.» Nikamwambia: «Papa, kama inawaka hivi, basi haiwezi kuwa rangi ya 1955.» Hakukasirika. Akaniambia fundi aliipaka mupya ili ipendeze, na kwamba wanunuzi wote wanapenda inayowaka. Aliamini kabisa kwamba ameongeza thamani. Kumbe alikuwa ameipunguza.

Tuendelee kusoma. Angalia rangi ya namba na rangi ya mishale. Zilipakwa wakati mumoja, zikazeeka pamoja, basi zinapaswa kufanana ao kukaribiana: njano ya siagi, kahawia, wakati mwingine kama asali iliyoungua. Namba za kahawia na mishale meupe? Mishale ilibadilishwa. Saa iliyolala mu sanduku miaka mingi bila kutembea mara nyingi iko na kivuli ku kadrani, pale mushale ulisimama: radiumu ya mushale iliunguza vernisi chini yake. Kile kivuli watu wanakiita doa. Mimi ninakiita ushahidi, ju ni kazi ngumu sana kukiiga. Lakini kivuli kikiwa mahali fulani bila mushale wa umbo lile, uliza mushale wa zamani ulienda wapi.

Kisha soma chini kabisa, pembeni ya namba 6. Kama imeandikwa «T SWISS T», «T SWISS MADE T» ao «SWISS T<25», ile T ni tritiumu. Kadrani yenye T ku saa inayosemwa ni ya 1952 si kadrani ya 1952. Neno «SWISS» peke yake mara nyingi ni la wakati wa radiumu, lakini uangalifu: saa za Rolex za karibu 1998 na 1999 pia ziko na «SWISS» peke yake, ju wakati ule tritiumu ilikuwa inatoka na rangi mupya inaingia. Zile zinawaka vizuri, na ni za kweli. Neno moja peke yake haliamui. Linasimama pamoja na umbo la saa, namba ya kesi na mashine ya ndani. Na kama neno «SWISS» limekatwa na ukingo wa kadrani, ao herufi ni nene na mistari ya dakika haiko sawa, fikiri kwamba kadrani yote ilisuguliwa na kuchapwa upya.

Walaghai nao wamesoma. Siku hizi kuna rangi mupya inayotengenezwa na sura ya uzee, kahawia tayari. Jicho linadanganyika. Taa ya mwangaza wa bluu-zambarau, ile wanatumia kuchunguza noti za dola, haidanganyiki haraka: iwashe, izime, hesabu. Rangi ya kisasa itaendelea kuwaka dakika nyingi. Kipimo cha Geiger kinasaidia pia: radiumu itakifanya kilie kupitia kioo, tritiumu haitakifanya kitu.

Wale tuliosoma agronomia tunajua hii mambo kwa jina lingine. Mbegu ya mahindi iliyotibiwa inapakwa rangi nyekundu ao pinki. Basi mutu anachukua mahindi ya kula, anayapaka rangi, anauza kama mbegu. Mulimaji anaona rangi, analipa, na mu shamba anavuna kilio. SENASEM iko pale kwa ajili ya kuthibitisha mbegu. Kwa saa ya zamani hakuna SENASEM. Uko wewe na taa yako.

Hata wenyewe walitengeneza saa wanaweza kuanguka. Novemba 2021, Geneva, nyumba ya mnada Phillips iliuza Omega Speedmaster ya mwaka 1957, namba ya mfano 2915-1, kadrani yake nyeusi ikiwa imegeuka kahawia kwa uzee. Makadirio yalikuwa kati ya faranga za Uswisi 80,000 na 120,000. Iliuzwa 3,115,500. Mununuzi alikuwa Omega yenyewe, kwa ajili ya makumbusho yake! Mwaka 2023 ikajulikana kwamba ile saa ilikuwa imeunganishwa kwa vipande vya saa mbalimbali, ile wakusanyaji wanaita Frankenstein, na Omega ikatangaza kwamba watatu waliokuwa wafanyakazi wake walihusika, ikasema inapeleka mambo mahakamani.

Beyi ilipanda kwa ile sababu moja: kahawia. Watu walilipia uzee, na uzee ni kitu kinachoweza kutengenezwa. Ninasoma ile hadithi kama onyo ju ya beyi zaidi kuliko ju ya vyuma. Makadirio yakiruka zaidi ya mara 25, mutu wa mwisho kukaa mezani alipaswa kujiuliza ni nini ile wengine wote hawakuiona.

Lakini tusifikiri kwamba kila kadrani iliyobadilishwa ni uongo. Hapa wakusanyaji wengi wanakosa haki. Mu miaka ya 1960 na 1970 mutu alipeleka saa yake kwa fundi ao kwa kampuni ili itengenezwe, na kurudishiwa kadrani na mishale mupya ilikuwa huduma nzuri. Kutoa radiumu ni kuokoa pia. Hakuna aliyefikiri kwamba siku moja uchafu utalipwa kuliko usafi. Saa ya namna ile ni ya kweli, imeishi maisha yake. Uongo unaanza pale muuzaji anaomba beyi ya saa ambayo haikuguswa.

Basi beyi. Kwanza, beyi inayoombwa si beyi. Mutu anaweza kuandika dola 2,000 ku saa yoyote na kungoja miaka mitano. Tafuta zile zimeuzwa kweli: matokeo ya minada yanatangazwa, na kumbuka kwamba mara nyingi ndani yake kuna pia malipo ya nyumba ya mnada, hayaendi kwa muuzaji. Tafuta mfano uleule, metali ileile, hali inayofanana. Tatu ao ine zinatosha kukupa picha.

Kisha punguza. Nitatoa hesabu, na ni mfano wangu, si beyi ya soko. Tuseme saa ya chuma ya miaka ya 1950, kamili, haijaguswa, inauzwa kweli dola 500. Yako imechapwa kadrani upya: mimi sitapita 250, ju kadrani njo uso, na uso ukipotea haurudi. Mashine haijasafishwa tangu zamani: fundi atataka pengine 60, inabaki 190. Kesi imesuguliwa mpaka kona zimekuwa mviringo: toa tena. Lakini kioo cha plastiki, mukanda, ile springi kubwa ya ndani, ata kile kitufe cha kuzungushia, ni vitu vya kuchakaa, vilitengenezwa ili vibadilishwe. Muuzaji asikutishe navyo akiwa ananunua kwako, wala wewe usimunyanyase navyo ukiwa unanunua kwake.

Na hadithi? «Ilikuwa ya administrateur wa wilaya», «ilikuwa ya injinia wa Union Minière». Bila karatasi, bila jina lililochorwa nyuma ya kesi, hadithi ni dola sifuri. Isikilize, furahia, usiilipie.

Kwa anayeuza, mambo yanageuka. Familia ingine iko na saa ya nkambo mu kabati, kadrani imekuwa ya kahawia, mishale imeoza kidogo. Mununuzi anakuja, anaitazama kwa dharau: «Hii imekufa, nitakupa dola 30 ya kukusaidia.» Pengine ni kweli haina thamani; saa nyingi za wakati ule zilikuwa za kawaida tu. Lakini ile kahawia anayoidharau inaweza kuwa njo kitu anachokitafuta. Usimupelekee fundi aipake kwanza ili ipate beyi. Piga picha ya kadrani, ya nyuma, na kama fundi anaweza kufungua vizuri, ya mashine, kisha linganisha mbele ya kujibu.

Nimesema «vizuri» kwa makusudi. Unga wa zinki umekufa, radiumu iko palepale. Inachukua miaka 1,600 kufika nusu. Kadrani iliyopakwa 1925 bado iko na karibu 96 kwa mia ya radiumu yake. Saa moja iliyofungwa, ku mukono, hatari yake ni ndogo, ju kiasi chenyewe ni karibu na sehemu moja ya milioni ya gramu ao chini yake. Hatari ni kuifungua na kukwaruza ile rangi kavu: inakuwa vumbi, vumbi linaingia mu mapafu. Fundi wengi wa hapa wanafungua saa ku meza ileile wanakulia, na wanapuliza kwa mdomo ili kuondoa uchafu. Wambieni. Kwa heshima, lakini wambieni. Na ukiwa na nyingi, usiziweke chini ya kitanda: radiumu inatoa gazi ya radoni, na chumba kilichofungwa kinaikusanya.

Mwaka 2014 ikajulikana kwamba Bienne, wakati wa kujenga barabara kubwa, takataka zenye radiumu zilipatikana mu jalala la zamani. Serikali ya Uswisi ikaanzisha mpango wa kupima nyumba ambamo watu walikuwa wanapaka kadrani. Zaidi ya majengo 1,000 yakapimwa, na yale yaliyopita kipimo yakasafishwa. Upande wa kwetu, mashimo ya Shinkolobwe yalifungwa kwa betoni karibu na uhuru, lakini wachimbaji wa mikono walirudi pale kutafuta kobalti. Julai 2004 sehemu moja ilianguka, watu 8 wakafa. Kazi ile ilikuwa imekatazwa kwa dekreti ya rais mwezi wa kwanza wa mwaka uleule.